Sura ya Saba: Fedha ya Mfadhili na Mvua ya Ugogo

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Mvua za kupandia hunyesha mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili ikiisha mambo yamekwisha. Kwa mwaka mzima kinachopatikana ni milimita 500 hadi 600 hivi, na mwaka mbaya hazifiki hapo. Mkulima wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa hupanda, hupalilia na kungoja mavuno kwa kutegemea miezi hiyo michache, na kila biashara ndogo ya kijijini humfuata nyuma. Julai, mtama na alizeti vikishauzwa, duka la kijiji huuza kwa taslimu na fundi cherehani hushona hadi usiku. Februari, vihenge vikiwa vitupu na mazao bado mabichi shambani, mwenye duka yuleyule huandika madeni kwenye daftari, na anajua hatalipwa hata senti mpaka watu wavune.

Mjini kuna msimu mwingine juu ya huo. Bunge la bajeti hukaa kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza sufuria, na kijana wa bodaboda hula vizuri. Bunge likiahirishwa, wengi wao hurudi kuhesabu wateja kwa vidole. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa dhati kufuatia tangazo la mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, pengo hilo limepungua, kwa sababu wizara zilizo katika mji wa Serikali wa Mtumba hazifungi kama Bunge. Hata hivyo halijazibika.

Mfadhili naye ana kalenda yake. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza 1 Julai, wa Serikali ya Marekani 1 Oktoba, na mifuko mingi ya Ulaya huhesabu tangu 1 Januari. Tangazo la ruzuku hutoka, andiko la mradi huandikwa, linapelekwa, linapitiwa, maswali yanarudi, bajeti inakatwa, mkataba unatiwa saini. Kisha zipo kanuni za nyumbani: tangu mwaka 2018 shirika lisilo la kiserikali linalopata fedha inayozidi shilingi milioni 20 linatakiwa kuwasilisha mkataba wake kwa Msajili ndani ya siku 10. Mambo hayo yote yakienda sawa, fedha inaweza kuingia benki mwezi Machi.

Tuseme ni mradi wa miezi 12 wa kuwasaidia wajasiriamali wa alizeti wilayani Kongwa. Machi alizeti imeshaota. Shirika haliwezi kugawa mbegu bora, haliwezi kufundisha upandaji, na halina cha kuonyesha shambani. Linafanya lililobaki: semina ukumbini, karatasi ya mahudhurio, posho, picha. Desemba likipata nafasi ya kufanya kazi yenyewe, limebakiwa na miezi mitatu, na mradi unafungwa kabla ya alizeti kukaushwa. Ripoti ya mwisho itasema ni watu wangapi walihudhuria. Haitasema chupa ngapi za mafuta ziliuzwa, kwa sababu siku inaandikwa hakuna aliyekamua.

Hili ndilo tatizo kubwa la ruzuku za kukuza biashara ndogo katika uwanda wa kati, na kwa maoni yangu linashinda ufisadi, linashinda uvivu, linashinda hata uhaba wa fedha wenyewe. Fedha huja na muda usio wa hapa. Na inapowahi, mara nyingi hulipia kitu kisichohitaji ruzuku, ikaacha kile ambacho ruzuku peke yake ndiyo ingeweza kukilipia.

Kongwa inaijua habari hii kuliko mahali popote Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mradi wa karanga, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ili kuipatia Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Haikuwa ruzuku kwa wananchi. Ilikuwa fedha ya umma wa Uingereza iliyoletwa juu ya ardhi ya Wagogo. Udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikang'ang'ania chini, matrekta yakavunjika, na mvua haikufuata hesabu za ofisini. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wenyeji waliokuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwenye ardhi ileile kwa vizazi vingi hawakuwa na kiti katika mipango hiyo. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya Kongwa, yaani imerudi kwenye mifugo.

Nautaja mradi wa karanga kwa sababu kosa lake bado linafanyika kwa vipimo vidogo. Angalia zabibu. Dodoma ndiyo kitovu cha zabibu Tanzania. Zao hili lililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo, na leo linastawi Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Chinangali, likivunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi hata kuliota. Ni zao zuri kwa mjasiriamali mdogo. Lakini mche wa mzabibu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kutoa mavuno ya maana, na baada ya hapo unaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Ruzuku ya mwaka mmoja ya kupanda zabibu hufungwa kabla mzabibu haujazaa hata kishada. Mavuno yakifika hakuna aliyebaki ofisini wa kumtafutia mkulima mnunuzi, na matangi ya viwanda vya mvinyo yakijaa, zabibu zinazooza kwa siku chache huuzwa kwa bei ya kutupa. Mradi kwenye karatasi ulifanikiwa: miche ilipandwa.

Basi ruzuku ilipie nini? Jibu bora ninalolijua limo ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu.

Mwaka 1991, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa vya wanawake huko Maradi, nchini Niger, vikajulikana kwa jina la Mata Masu Dubara. Wanawake wale hawakupewa mtaji. Walifundishwa namna ya kukusanya fedha yao wenyewe, kukopeshana, kuandika hesabu na kugawana. Mfumo huo ulifika Zanzibar karibu na mwaka 2000, kwa wanavijiji waliozunguka msitu wa Jozani, kisha ukavuka kuja Bara, na shirika la Kitanzania la SEDIT likawa miongoni mwa waliousambaza kwa jina la VICOBA. Leo ni vigumu kupata mtaa wa Dodoma usio na kikoba. Majengo wapo, Chang'ombe wapo, Ihumwa wapo. Wauza nyanya wana chao, walimu wana chao, waumini wa kanisa moja wana vitatu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Watu 15 hadi 30 wanaofahamiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa kadiri ya uwezo wake, kwa kikomo kilichokubaliwa. Fedha huwekwa sandukuni mbele ya macho ya wote, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zake, na riba anayolipa hurudi sandukuni kuwa faida ya wote. Pembeni upo mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mzunguko ukiisha, aghalabu baada ya mwaka, kikundi hugawana na kuanza upya. Kikundi cha kijijini chenye akili hupanga mgawo uangukie Oktoba au Novemba, watu wapate fedha ya mbegu na chakula kabla ya mvua. Hakuna aliyewafundisha hilo kutoka nje. Kalenda ya Ugogo waliijua wenyewe.

Sasa tazama ruzuku ilikuwa wapi katika habari hii. Haikuwa sandukuni. Ilimlipa mwalimu aliyekuja kila wiki mwanzoni, kisha mara moja kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, mpaka kikundi kikaweza kusimama. Ililipa nauli yake, vitabu vya hesabu, na sanduku la kwanza. Mwalimu akiondoka, kilichobaki ni mali ya wanachama, na kwa sababu jasho lililomo ni lao, mtu akichelewesha marejesho anaulizwa na jirani yake. Hakuna benki ambayo ingemlipa mwalimu yule, kwani hana faida ya kuirudishia. Wala kikundi kisingemlipa, kwani kabla ya kufundishwa hakikujua kinamhitaji. Hapo tu ndipo ruzuku ina kazi isiyoweza kufanywa na fedha nyingine yoyote.

Mambo huharibika pale mfadhili mwenye haraka anapotia milioni kadhaa ndani ya sanduku ili wanufaika waongezeke. Wanachama wapya hujitokeza ghafla. Wale wa zamani, waliokuwa wakikopa kwa tahadhari, huanza kukopa kwa kushindana, na fedha ya mgeni haimkoseshi mtu usingizi kama fedha ya jirani.

Serikali yenyewe imelipia somo hili kwa gharama kubwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliziwajibisha halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazo ni jema, na sijapata kuona nchi jirani yenye mpango wa namna hii uliokaa ndani ya sheria kwa uwazi kiasi hiki. Lakini vikundi vingi viliundwa kwa ajili ya fomu ya mkopo, vikafa siku hundi ilipotoka. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikaonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma likawa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribia utoaji kupitia benki.

Benki itasaidia kuhifadhi kumbukumbu. Haitamfuata kijana wa Nala shambani kumwuliza kuku wake wamekufa kwa ugonjwa gani. Kazi hiyo ni ya afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye mara nyingi ana vikundi vingi na hana mafuta ya pikipiki. Hapa ndipo mashirika yasiyo ya kibiashara ya Dodoma yangekuwa mkono wa pili: halmashauri itoe mkopo, shirika lilipiwe kwa ruzuku kumfundisha mkopaji kabla na kumfuatilia baada. Fedha mbili, kila moja na kazi yake. Bila hivyo tutaendelea kukopa harusi na kulipa matanga.

Upo mfano mwingine wa mgawanyo huu, na umefanyika mkoani humu humu. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na Farm Africa na wadau wengine, walifanya kazi na wakulima wadogo wa Dodoma katika mtama, zao linalovumilia ukame na ambalo babu zao walilijua. Fedha ya wafadhili ililipa mafunzo, mbegu za kuanzia, na kuwakusanya wakulima wauze kwa pamoja. Mtama wenyewe ulilipiwa na mnunuzi, kampuni ya bia ya TBL ikiwa miongoni mwao. Mtu aweza kuwa na maoni yake kuhusu bia. Mimi naangalia kwamba mkulima alipokea fedha kutoka kwa mtu anayetaka mtama wake, na anayeweza kuutaka tena mwakani hata mradi ukiwa umefungwa.

Katika alizeti kuna nafasi kama hiyo, ndogo na isiyovutia macho. Mkamuaji wa Kibaigwa au wa Singida anaweza kununua mashine kwa mkopo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi Dodoma na kwa miongo mingi limefundisha usindikaji na ufungashaji. TBS, shirika la viwango, nayo ina utaratibu wa kuwapa wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO alama ya ubora bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Kwa hiyo njia ipo. Kinachomkwamisha mtu ni safari tatu za kwenda mjini, jengo lisilokidhi masharti ya usafi, fomu asiyoielewa, sampuli iliyokataliwa bila yeye kujua sababu. Mtu mmoja mwenye mshahara na pikipiki, akiwasindikiza wakamuaji 20 kwa miaka miwili mpaka mafuta yao yakae kwenye rafu za maduka ya mjini, ni ruzuku iliyotumika vizuri kuliko mashine 20 za bure.

Lakini huyo mtu mwenye mshahara ndiye wafadhili wasiyependa kumlipa. Bajeti ikipitiwa, mistari ya kwanza kukatwa ni mshahara wa mhasibu, kodi ya ofisi, umeme, mafuta. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hukubali hadi asilimia 7 kwa gharama za uendeshaji zisizoingia moja kwa moja kwenye shughuli. Serikali ya Marekani, kwa mashirika yasiyo na makubaliano maalumu, ilitoa asilimia 10 hadi 1 Oktoba 2024 ilipopandisha kuwa 15. Hivyo ni viwango vya anayepokea mkataba mkuu, ambaye mara nyingi ni shirika la kimataifa lenye makao mbali. Fedha ikishushwa kwa shirika dogo la Dodoma kama mshirika wa utekelezaji, asilimia hiyo huwa imebaki huko juu. Shirika la chini linapewa fedha ya semina na chai, halafu linalaumiwa kwamba hesabu zake hazikai sawa. Mhasibu wa kuziweka sawa angelipwa na nani?

Mwaka 2025 ulionyesha udhaifu wa nyumba iliyosimama kwa nguzo moja. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi mingi haikuamka tena, na 1 Julai shughuli za USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, zilikoma, zilizosalia zikahamishiwa Wizara yake ya Mambo ya Nje. Februari ya mwaka huohuo ilitoka amri ya kuipunguza hadi kiwango cha chini cha kisheria USADF, taasisi iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1980 mahususi kwa ajili ya kutoa ruzuku moja kwa moja kwa vikundi, vyama vya ushirika na biashara ndogo za Afrika, hadi dola 250,000 kwa kila mmoja. Kwangu mimi hilo la pili liliuma zaidi. Ilikuwa mmoja wa milango michache ambayo kikundi cha Kiafrika kingeweza kuibisha bila kupitia kwa shirika kubwa la kigeni. Uingereza nayo, iliyoshusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, imetangaza kuifikisha 0.3 ifikapo 2027.

Nyumbani ipo milango, ingawa si mipana. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania, zikiwemo ndogo za wilayani. Mwaka 2023 CRDB Bank Foundation ilizindua mpango wa Imbeju wa mitaji wezeshi kwa vijana na wanawake. Majimbo ya makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vina majengo, vina watu, vina imani ya wananchi ambayo hakuna andiko linaloweza kuinunua. Shirika la Dodoma linaloandika kwa lugha ya wafadhili wa ng'ambo tu, na halijawahi kukaa na meneja wa benki ya mtaani kwake wala mkurugenzi wa halmashauri yake, limejifungia lenyewe nje.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika maandiko ya miradi katika ofisi za Area C, Kisasa na Nkuhungu, wekeni tarehe ya kupanda kwenye ukurasa wa kwanza. Mwambieni mfadhili waziwazi kwamba fedha isipofika Septemba, mwaka umepotea, na kama hawezi, ombeni mradi uanze Septemba inayofuata. Kwa alizeti na mtama dai lisipungue misimu miwili. Kwa zabibu lisipungue miaka mitatu. Mshahara wa mwalimu na wa mhasibu uandikwe wote, kwa jina lake halisi, bila kuufichaficha ndani ya semina. Na mfadhili akisisitiza miezi 12 kuanzia Machi, akataliwe kwa heshima. Wako watu watakaosema shirika dogo haliwezi kukataa fedha. Linaweza, na wale wa vikundini watalishukuru, kwa sababu ni wao wanaobaki na miche isiyo na soko na daftari lisilo na mwalimu baada ya gari la mradi kuondoka.

Nawe msomaji, ukiwa mjumbe wa bodi ya shirika lolote la namna hii, kikao kijacho omba uonyeshwe mkataba mmoja wa ruzuku. Soma tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kisha uliza mvua ilinyesha lini.